Dada wa usafi wa kuja na kurudi: kumpata, kumjaribu na kudumu naye

Kwa miaka sita nimepitia wanne. Hakuna aliyeniibia. Watatu walipotea tu, kwa namna mnayoijua: Jumatatu simu inaita haipokelewi, Jumatano haipatikani, Ijumaa umepiga magoti bafuni na brashi mkononi unalalamika kwamba mabinti wa siku hizi hawafai. Nililalamika sana. Siku moja nikakaa nikajiuliza kila mmoja aliondoka lini hasa, nikaona wote watatu waliondoka muda ule ule ambao mimi nilikuwa nimevuruga kitu. Wa kwanza nilimrundikia siku za malipo, "nitakujumlishia mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi ukawa unasogea. Wa pili alikuja kwa usafi. Baada ya miezi mitatu alikuwa anafua, anapika na kumpokea mtoto kwenye basi la shule, kwa pesa ile ile. Wa tatu nitamweleza huko chini, maana ile ni habari ya aibu. Wa nne yuko mwaka wa tatu sasa.

Haya ninayoandika yanamhusu dada wa kuja na kurudi: anafika asubuhi, anasafisha, analipwa, anarudi kwake. Wengine humwita dada wa kutwa. Jirani zetu wa Nairobi wana mama fua, na jina linabaki hilo hata siku ambayo hajafua soksi moja. Dada wa kukaa ndani ni habari nyingine, ingawa mambo ya sheria yanawagusa wote. Mifano ni ya Dar es Salaam, kwa sababu ndiko ninakoishi: Tabata, vyumba viwili na sebule, ghorofa ya pili, lifti hakuna.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kutafuta mtu

Chukua kalamu, zunguka nyumba yako kama mgeni, andika kila kinachohitaji mkono. Usiandike "usafi wa nyumba". Hilo neno kila mtu analielewa kivyake, na ugomvi mwingi unaanzia hapo. Andika: kufagia na kupiga deki vyumba vyote, kusugua choo, sinki na sakafu ya bafu, kufuta vumbi mezani, kwenye kabati na televisheni, kuosha jiko la gesi na ukuta wa nyuma yake, kutoa takataka.

Kisha tenganisha vya kila siku anapokuja na vya mara moja kwa mwezi. Kufuta nyavu za madirisha, kutoa utando wa buibui, kuosha feni na kusogeza friji haviwezi kuwa vya kila wiki. Ukivichanganya vyote kwenye siku moja, ama hatamaliza, ama atamaliza kwa kuruka. Nyumba yangu, bila kufua, inachukua saa nne hadi tano kwa mtu anayefanya vizuri. Ukitaka kujua yako inachukua muda gani, isafishe mwenyewe Jumamosi moja ukitazama saa. Utashangaa.

Amua mapema kuhusu nguo. Kufua kwa mkono ni kazi kamili, si nyongeza, na shuka za kitanda kikubwa zikilowa si mchezo. Mimi nimeweka siku yake na malipo yake. Nguo za ndani kila mtu nyumbani kwangu anafua zake, hilo halina mjadala.

Angalia pia maji. Kama mtaa wenu maji ya bomba yanatoka kwa zamu, siku ya usafi mkubwa ifuate siku ya maji. Nimewahi kumwita mtu simtanki likiwa na maji ya kukanyagia tu, akasafisha nyumba nzima kwa ndoo mbili. Haikusafishika, tukachukiana bure.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pesa kwa upande wake

Watu wengi tunaanza na "mwenzangu analipa ngapi?" Anza na nauli. Tuseme daladala ya masafa mafupi hapa mjini ni shilingi 600. Anayetoka Mbagala au Chanika anapanda gari mbili, pengine tatu. Gari mbili kwenda na mbili kurudi ni 2,400. Ukimlipa 10,000 kwa siku na nauli ikiwa humo humo, karibu robo imeishia barabarani, na bado hajanywa chai. Huyo akipata nyumba karibu na kwake kwa 8,000, atakuacha, na atakuwa amepiga hesabu sahihi.

Mimi nalipa 20,000 kwa siku, nauli mbali, mara mbili kwa wiki, na anakula mchana tunachokula sisi. Si kiwango cha kila mtu. Mtaa, ukubwa wa nyumba na kufua au kutofua vinabadilisha kila kitu.

Kama unamtaka kwa mwezi, siku zote za kazi, kuna sakafu ya kisheria ambayo huruhusiwi kwenda chini yake. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayekaa kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyekaa kwa mwajiri. Waajiri wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa wakapangiwa zaidi. Viwango hivi hupandishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi ya mkoa wako kilichopo leo kabla ya kutaja namba. Na kima cha chini ni cha chini kweli. Mtu mzuri hakai kwa kima cha chini.

Hatua ya 3: Uliza wanaoona watu wakiingia na kutoka

Nimejaribu matangazo, nimejaribu dalali, nimejaribu makundi ya simu. Waliodumu wote walitoka kwa mtu aliyewajua kwa macho. Kwenye majengo ya kupanga, anayejua zaidi ni mlinzi wa getini. Anajua dada gani anafika saa mbili kila siku na dada gani anafika saa nne akiwa na visingizio. Anajua nyumba ipi imehama na kumwacha mtu wao bila kazi. Baada yake ni mama wa genge mnaponunua nyanya. Halafu wenzako wa jumuiya au wa darasa la msikitini. Na usimsahau dada anayesafisha ofisini kwako: yeye ana kazi, lakini ana mdogo wake, ana jirani, na hatakuletea mtu wa kumuaibisha.

Hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta kila mara. Sitafuti mtu anayesifiwa, natafuta mtu ambaye akiharibu, yupo mwingine atakayeona aibu. Mdhamini wa namna hiyo ana uzito kuliko karatasi yoyote.

Dalali ana mahali pake, ila ujue analipwa kwa kukuletea mtu, halipwi mtu akidumu. Wengine humtoa huyo dada baada ya miezi miwili wampeleke kwingine, wapate ada mpya. Ukimtumia, lipa sehemu ya ada sasa na sehemu baada ya mwezi. Akikataa kabisa, umeshajua biashara yake. Na kama anakuletea mabinti waliotoka mkoani jana, hawajui mji, vitambulisho na simu zao anashika yeye, ondoka hapo. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na hiyo ndiyo sura yake ya kila siku mitaani.

Umri uangalie kwa makini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18. Kazi nyepesi inaruhusiwa kuanzia miaka 14, lakini binti wa miaka 15 anayepiga deki kwako saa nne asubuhi siku ya Jumanne ni binti ambaye hayuko darasani. Ukiambiwa "huyu mdogo lakini mchapakazi kuliko wakubwa", usimchukue. Walio Mwanza, shirika la WoteSawa limejikita hasa kwa watoto wanaofanya kazi za majumbani. Wanajua pa kumsaidia.

Kampuni za usafi zinafaa unapohamia nyumba mpya, baada ya ukarabati, au kufua makochi na mazulia. Wanakuja wengi, na mashine zao, wanaondoka. Kwa kila wiki ni ghali, na leo anakuja huyu, kesho yule.

Hatua ya 4: Mpigie aliyekaa naye

Ukipata jina, omba namba ya mwajiri wake wa mwisho, upige. Usitume ujumbe. Kwenye ujumbe kila mtu ni mwema.

Uliza vitu vyenye umbo: nyumba yenu ina vyumba vingapi? Alikuwa anakuja siku gani? Kufua alikuwa anafua? Majibu hayo yalinganishe na aliyokwambia dada mwenyewe. Nimewahi kupewa namba ya "bosi wangu wa zamani", nikauliza vyumba vingapi, nikaambiwa vitatu. Dada alisema kimoja na sebule. Yule bosi alikuwa rafiki yake, tena sauti ya nyuma ilikuwa ya saluni.

Halafu uliza mawili makubwa. Aliondoka kwa nini? Na leo akirudi, ungemchukua? Kwenye hili la pili sikiliza kinachokuja kabla ya jibu. "Ningemchukua hata kesho" inatoka haraka. "Eeh... ni dada mzuri tu" inachelewa, na huo ucheleweshaji ndio jibu lenyewe.

Hatua ya 5: Kaeni mzungumze

Mwite nyumbani, mkaribishe maji, kaeni mezani. Robo saa inatosha. Muulize anaishi wapi na anapanda gari ngapi, siku gani za wiki hawezi, watoto anawaacha na nani siku ya kazi. Hili la watoto linampa nafasi ya kukwambia kwamba shule zikifungwa atahitaji kubadilisha siku, nawe ulijue sasa badala ya kulijua Desemba. Muulize kazi gani haipendi. Wa nne alinijibu palepale: "Kupiga pasi dada, sijui na sitaki kukuharibia." Nikampenda hapo hapo.

Usimdai vipimo vya Ukimwi. Bado wapo waajiri wanaompeleka dada hospitali kama anayenunua ng'ombe. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na choo chako hakihusiani na damu ya mtu.

Vitambulisho: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au kadi yake, au kitambulisho cha mpiga kura. Piga picha, mrudishie chake papo hapo. Kukaa na kitambulisho cha mtu kama dhamana ni kumfunga kamba. Omba na barua ya serikali ya mtaa anakoishi, yenye mhuri. Haithibitishi tabia ya mtu, inathibitisha kwamba anapatikana. Kisha nawe jitambulishe: jina lako kamili, namba yako, jengo na ghorofa, akampe mumewe au dada yake. Anaingia nyumba ya watu asiowajua na mlango unafungwa. Ni haki ya ndugu zake kujua yuko wapi.

Hatua ya 6: Siku ya majaribio, na uilipe

Siku ya majaribio inalipwa kamili, hata kama hutamchukua. Kuna watu mtaani kwetu waliosafishiwa nyumba mwezi mzima na "majaribio" ya watu wanane. Wanajulikana, na mlinzi anajua kuwaepusha nao dada wazuri.

Mwaka ule nilipompata wa nne nilijaribu wawili, wiki moja. Wa kwanza alifika mapema, akafunga kanga, akachukua ndoo na kupiga deki sebule ikang'aa. Vizuri. Halafu akainua macho, akaona utando wa buibui kwenye kona, akachukua fagio la mpini mrefu akaanza kutoa. Vumbi likashuka juu ya sakafu iliyolowa, likawa tope. Akapiga deki tena. Akafuta feni: tope tena. Mchana ulifika yuko sebuleni, amechoka, na mimi nimechoka kumwangalia.

Wa pili hakugusa kitu dakika tano za kwanza. Alizunguka. Akaniuliza: "Dada, maji ya leo ni ya bomba au ya tanki?" Kisha, "Kitambaa cha jikoni kipi na cha chooni kipi?" Kisha, "Mtoto yupo?" kwa sababu alikuwa anataka kujua kama afungue jiki. Akafungua madirisha yote. Akaniomba foronya ya zamani. Nikampa bila kuelewa. Akapanda kwenye stuli, akaivisha foronya panga moja la feni kama unavyovishwa mto, akabana kwa viganja na kuivuta taratibu: vumbi lote la miezi likabaki ndani ya foronya, halikudondoka hata chembe kitandani. Panga la pili, la tatu. Akaikung'utia nje. Baada ya hapo buibui, kisha juu ya makabati, kisha meza, kisha fagio, na deki mwishoni, akianzia kona ya ndani akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Choo kikawa cha mwisho kabisa, kwa kitambaa chake.

Kutoka juu kushuka chini, kikavu kabla ya maji, choo mwishoni. Anayefanya hivyo bila kuambiwa ameshafanya kazi hii kwa miaka. Asiyefanya hivyo anafundishika, usimwache kwa hilo tu, ila ujue utakuwa mwalimu kwa mwezi mmoja.

Akimaliza, usikague katikati ya sakafu. Katikati kila mtu anasafisha. Angalia nyuma ya sinki la choo, nyuma ya mlango, kwenye swichi za taa, mpira wa mlango wa friji, chini ya jiko la gesi. Mwonyeshe ulichokikuta, kwa sauti ya kawaida, uone anakipokeaje. Kuna anayesema "sikuona, ngoja" na kuna anayenuna. Mimi namchukua wa "ngoja".

Ule mtego wa kuacha noti ya elfu kumi chini ya mto ili kumpima, sijawahi kuuona ukimpima mtu. Mwizi mwenye akili hachukui siku ya kwanza. Asiye mwizi anaiona, anaelewa, na anakushusha thamani kimoyomoyo.

Hatua ya 7: Dawa na vifaa, siku ya kwanza kabla ya yote

Hapa ndipo nilipokaribia kumuumiza mtu. Yule wa pili katika historia yangu alikuwa anasugua choo. Alimwaga ile dawa ya choo yenye asidi, akaona doa halitoki, akaongeza jiki juu yake. Nilisikia kikohozi, nikamkuta ametoka ameshika ukuta, macho yanamtoka machozi. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu hizi zenye kidirisha cha kiganja hazina pa kuitolea. Hata siki haifai kuchanganywa na jiki. Nilikuwa nimemwachia chupa zote mbili kwenye ndoo moja bila neno.

Sasa jiki iko jikoni, dawa ya choo iko bafuni, na hazitumiki siku moja. Kila chupa ina jina lake kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu sabuni ya maji tunayonunua mtaani inakuja kwenye chupa za maji ya kunywa, na mtoto hajui tofauti. Jiki usiihamishie kabisa kwenye chupa ya maji.

Nunua glavu za mpira, jozi mbili. Nunua vitambaa vya rangi tatu: kimoja cha jikoni, kimoja cha bafu, kimoja cha vumbi. Kandambili zenye soli iliyoisha hazifai kwenye vigae vilivyolowa. Madirisha ya ghorofani yasafishwe kwa ndani tu. Hakuna kioo kinachostahili mtu kusimama kwenye ukingo. Soketi zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Na mwonyeshe vitu vyako vya ajabu. Kikaango changu kile kisichoshika chakula kilisuguliwa kwa stili waya mpaka kikawa cheupe. Aliyekisugua alikuwa ananifurahisha. Kwake sufuria safi ni inayong'aa. Sikumwambia, kwa hiyo kikaango ni juu yangu.

Hatua ya 8: Karatasi moja

Sio mkataba wa mwanasheria. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, nakala mbili, kila mmoja na yake. Yangu inasomeka karibu hivi:

*Siku za kazi: Jumanne na Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Kazi: (orodha imeambatishwa). Kufua: Ijumaa ya pili na ya nne ya mwezi, malipo ya ziada. Malipo: shilingi 20,000 kwa siku, nauli mbali, kwa simu, siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka. Nikimzuia asije chini ya saa 24 kabla, nalipa nusu. Akishindwa kuja, anapiga jioni ya jana yake. Kazi isiyo kwenye orodha inazungumzwa na bei yake kwanza.*

Mstari wa nusu malipo watu hunicheka. Lakini Jumanne yake akiitunza kwa ajili yangu, amekataa nyumba nyingine. Mimi nikisafiri ghafla, nani anamlisha?

Ukimwajiri kwa mwezi, sheria inaingia zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki zisizozidi 9 kwa siku, muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Kuachana kunahitaji notisi: siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki, na siku 7 kama ni ndani ya mwezi wa kwanza. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ni haki yake. Akitaka chama cha kumtetea, CHODAWU kipo kwa wafanyakazi wa majumbani pamoja na wa mahotelini, na mwajiri hana la kukataa.

Hatua ya 9: Funguo, pesa na kile kisichoonekana

Funguo usitoe mwanzoni. Miezi mitatu ya kwanza awepo mtu nyumbani, au funguo zikae kwa jirani mnayeaminiana. Zikishatolewa, zimetolewa, usianze kumpigia simu kila nusu saa.

Dhahabu, hati na pesa viweke kwenye droo moja inayofungwa. Mwambie wazi: "Hii nafunga ili siku kitu kikipotea usiwemo kwenye hesabu." Hakuna aliyewahi kuchukia akielezwa hivyo.

Ile habari ya aibu ndiyo hii. Niliweka elfu hamsini ya gesi juu ya friji. Jioni haipo. Nikampigia wa tatu, mama mtu mzima, mwenye miezi kumi kwangu: "Mama, ile pesa ya juu ya friji umeiona?" Akasema hajaiona. Ningeishia hapo. Nikaongeza: "Hebu angalia kwenye mkoba wako, labda imeingia bahati mbaya." Kimya. Kisha akasema, "Haya dada." Ijumaa hakuja. Siku ya tisa fundi alikuja kwa sababu friji lilikuwa linanguruma, akalivuta, na noti tano zikawa zimenasa kwenye waya za nyuma, zimevaa vumbi. Feni ilizipeperusha. Nilipiga, haikupokelewa. Nikatuma ujumbe mrefu wa kuomba radhi na pesa ya siku mbili. Alijibu baada ya wiki: "Nimesamehe dada. Mungu akubariki." Pesa aliirudisha.

Kwa hiyo sasa kitu kikipotea natafuta siku mbili nzima kabla ya kumfungulia mtu mdomo. Navuta friji, nageuza makochi, nauliza watoto. Kama kweli kimeibiwa na una ushahidi, nenda serikali ya mtaa au polisi. Kumpekua mwilini, kumfungia ndani au kuzuia malipo yake ya siku alizokwishafanya kazi kutakugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Hatua ya 10: Miezi inayofuata

Kosa liseme siku hiyo hiyo, dogo likiwa dogo. Sisi tuna haya ya kumwambia mtu mzima "hapa hapajasafishika", tunabeba wiki sita, halafu siku moja tunalipuka kwa sababu ya kikombe.

Lipa kabla hajavaa viatu. Ongeza kila mwaka bila kusubiri aombe, hasa nauli zikipanda. Sikukuu mpe kitu, na siku yenyewe mwachie. Kazi ikiongezeka, mgeni akija mwezi mzima, mtoto akizaliwa, kaeni tena mezani na ile karatasi.

Mkiachana, mlipe siku hiyo na mwambie unaweza kumsemea. Mwaka jana yule wa pili, niliyemgeuza mpishi na mlezi, alinitafuta baada ya miaka. "Nimepata kazi Kinyerezi, mwajiri atakupigia, naomba unisemee dada." Simu ilikuja saa moja jioni. Mama mwenye nyumba aliuliza vyumba vyangu vingapi, siku gani alikuwa anakuja, kisha akauliza aliondoka kwa nini. Nikamwambia: niliongeza kazi, sikuongeza pesa. Akanyamaza kidogo, akauliza alikuwa ananidai kiasi gani.

Nilikuwa sijawahi kupiga hiyo hesabu.